Hongera, Treni Imefika Mtaani

4 Februari

Kaka yangu uliye mbali,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia bati hadi msingi, maana nasikia siku hizi hivyo ndivyo unavyovipenda kuliko sisi tunaolala ndani yake. Mimi mzima. Shangazi mzima pia. Magoti yanamsumbua lakini ulimi haujaugua tangu azaliwe. Wapangaji wako, samahani, wetu, wanakusalimu. Nesi bado analala mchana kama popo na kwenda hospitali jua likizama. Fundi Soli bado amekaa barazani na nyundo yake, anagonga viatu vya mtaa mzima na kusema uongo ule ule kuhusu ujana wake.

Nakuandikia barua kwa sababu Shangazi ametupiga marufuku simu. Baada ya kutusikia mara ile ya mwisho, amesema marehemu baba hakuzaa watoto wawili ili kampuni ya simu itajirike kwa matusi yao. "Andikianeni," kasema. "Mwenye hasira achoke mkono, si mimi nichoke masikio."

Haya, habari kubwa. Kituo cha treni kimefunguliwa, pale palipokuwa uwanja wa mpira, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Wakubwa walikuja na miwani ya giza, wakakata utepe, wakapanda treni hadi kituo kinachofuata, kisha wakarudi nyumbani kwa magari yao. Sisi tulibaki tunashangilia. Nisikufiche, mimi nililia. Wateja wangu wa saluni waliokuwa wakiamka usiku ili wafike kazini mjini, sasa wanaoga kwa raha, wanakunywa chai, wanapanda, wamefika. Nikasema kweli Mungu hamtupi mja wake. Sikujua kuwa hata madalali nao hawamtupi.

Maana juzi nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nimefika katikati, akaingia bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kuliko maisha yake. Hakusalimia. Alianza kupima ukumbi wetu kwa miguu, huku akihesabu kimoyomoyo midomo ikicheza.

"Ndugu, umepoteza nini?" nikamuuliza.

"Sijapoteza, dada. Nimepata. Hii nyumba ni fursa."

"Hii nyumba ni nyumba."

"Ilikuwa," akasema. "Kaka yako ananielewa. Tumeshaongea."

Kumbe mmeshaongea! Sisi tumempa jina la Bwana Fursa. Sasa naomba, kwa hisani yako na kwa mkono wako mwenyewe, uniambie mmeongea nini kuhusu nyumba ambayo baba alituachia wawili, hati ikiwa na majina mawili, na moja kati ya hayo ni langu.

Nasubiri kwa hamu, na kwa chanuo mkononi.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na makali yake hayakupungua njiani. Watu wa posta wa huku wangestahili nyongeza ya mshahara kwa kubeba kitu chenye ncha kiasi hicho. Mimi sijambo. Kazi inaendelea, lifti za mji huu hazichoki kukwama, nami sichoki kuzikwamua. Jana nilimtoa mzee mmoja aliyekwama kati ya ghorofa na ghorofa pamoja na mbwa wake. Mbwa alinishukuru. Mpe Shangazi pole ya magoti, na ulimi wake uambie nimesalimu amri.

Sasa tuje kwenye jambo. Ndiyo, nimeongea na huyo bwana. Yeye ndiye aliyenitafuta. Ningekuambia kwa simu, ungekata. Nisikilize kwa utulivu, najua ni kipaji ambacho hukujaliwa.

Mimi naishi kwenye mji ambao treni zilifika kabla babu hajazaliwa. Nimeona. Reli ikipita mahali, ardhi inaamka, inajitazama kwenye kioo na kusema, kumbe mimi ni mrembo! Chumba kilekile, choo kilekile, ukuta uleule wenye nyufa, lakini kwa kuwa mtu akitoka anafika kituoni kabla kiatu hakijapata vumbi, basi bei inapanda. Ndio maana mimi nilinunua fleti yangu karibu na kituo. Nikiwa kitandani nasikia treni ya kwanza ikipita. Ni sauti ya thamani, mdogo wangu. Inabembeleza.

Huyo bwana ana mteja anayetaka kubomoa na kujenga ghorofa. Tukiuza, kila mtu anachukua nusu yake. Wewe na Shangazi mtapata nyumba kubwa mbele huko, kwenye hewa safi. Wapangaji tutawapa taarifa mapema, kiungwana. Watu wazima hawa, watajipanga. Mji ndivyo ulivyo. Anayeweza anakaa karibu, asiyeweza anasogea. Hakuna aliyeonewa, ni hesabu tu.

Nakuhakikishia kwamba mimi binafsi sina shida. Nafanya hili kwa ajili yako.

Kaka yako anayekupenda

*

20 Machi

Kwa mwenye fleti,

Salamu zako tumezigawana. Magoti ya Shangazi yamefurahi, ulimi haujajibu bado, lakini utajibu humuhumu kwenye barua hii, vumilia.

Nakushukuru kwa huruma yako kuu. Kaka wengine hutuma nguo au dawa, wangu ananitumia hewa safi.

Acha nikusimulie jinsi ardhi yetu ilivyoamka na kujitazama kwenye kioo. Jirani wa kushoto ameuza. Jirani wa kulia hakuwa na cha kuuza maana alikuwa mpangaji, mwenye nyumba wake alikuja akiwa na mkewe na tabasamu, akamwambia kuanzia mwezi ujao kodi ni mara mbili, "lakini wewe ni kama ndugu." Ndugu akafunga virago. Duka la unga limekuwa duka la kahawa, na hiyo kahawa inakuja kwenye kikombe kidogo utadhani ni dawa ya kikohozi ya mtoto. Wanaoinywa hukaa nje wakitazama simu zao, na nikipita wananisalimia kwa upole wa ajabu, kama mtu anavyomsalimia mlinzi.

Bwana Fursa alirudi wiki iliyopita. Mimi sikuwepo, akamkuta Shangazi anachambua mchele. Nesi ndiye aliyenisimulia, maana waliomwamsha ndio hao.

"Mama, hapa si pa kukaa tena mtu wa umri wako," Bwana Fursa alimwambia. "Kelele za treni, vumbi, watu wengi."

"Na huyo mteja wako atakayejenga ghorofa, yeye ni kiziwi?"

"Hao ni vijana, mama. Wanataka kuwa karibu na kituo."

"Na mimi nataka kuwa karibu na choo," Shangazi akasema. "Kila mtu na kituo chake. Inua mguu, unakanyaga mchele."

Hilo ndilo jibu la ulimi. Langu ni fupi zaidi: sisaini. Fundi Soli alimpelekea baba maji hospitali wakati wewe ulikuwa unapanda lifti. Nesi ndiye aliyemfumba macho. Kama hawa ni hesabu, basi wewe ndiye uliyefeli darasani, si mimi.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Saluni inakwenda vizuri sana.

Mdogo wako asiye na fleti

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilizidi, halafu posta, halafu hali ya hewa, chagua sababu utakayoipenda. Nipo mzima, kikohozi kidogo tu. Angalia, tumia anwani hii mpya niliyoandika nyuma ya bahasha. Ni ya muda. Jengo letu linapakwa rangi, na harufu yake siiwezi.

Nimemaliza kucheka kuhusu mchele, sasa tuseme ya maana. Ni muhimu tuuze kabla mwaka haujafika katikati. Huyo mteja hatasubiri milele, vituo vingine vinafunguliwa, atahamia kwingine. Mimi ndiye mkubwa. Baba hayupo. Nisingependa tufike kwa wanasheria, lakini mwenye nusu ana haki ya kuidai nusu yake, na mahakama haichambui mchele. Naomba usinilazimishe.

Halafu nina swali. Tangu utoto wako hujawahi kuniandikia au kunipigia bila kunisimulia kichwa cha mtu. Nani kakatika nywele, nani kataka mtindo wa mwanamuziki akaishia kufanana na ufagio, nani kasinzia kitini akamtaja mwanamume asiye mumewe. Kwenye barua ya Februari ulikuwa na kichwa kimoja tu mkononi, tena nusu. Barua ya Machi hamna hata unywele. "Saluni inakwenda vizuri sana." Inakwenda wapi, mdogo wangu?

Kaka yako

*

30 Mei

Kaka,

Leo salamu ni chache kama wateja wangu. Wote wazima. Nakutakia na wewe uzima, popote ulipo. Na hapo ndipo penye swali langu.

Mwezi wa nne nilikuandikia barua ndefu, nzuri, yenye matusi ya hali ya juu, nikaituma kwenye fleti yako. Wiki hii imerudi. Imepigwa muhuri: AMEHAMA. Haikuandikwa "amekimbia harufu ya rangi," wala "atarudi ukuta ukikauka." Nikamuuliza Nesi, maana amesoma, je, mtu aliyenunua nyumba yake anaweza kuhama bila kujua? Akasema kitabibu haijawahi kutokea.

Sitakuuliza zaidi. Ulikuwa na lako la kuniuliza, na mimi nitakujibu kwanza, ili uone jinsi mtu anavyosema ukweli bila kufa.

Saluni imekufa. Nafungua asubuhi, nafagia sakafu safi, nakaa kwenye kiti cha wateja, najitazama kwenye kioo, nafunga. Wale wageni wa kahawa wanapita, wananisifu kibao changu cha mlangoni, wanakipiga picha, wanaondoka. Nywele zao wanatengenezea kwingine. Wateja wangu wote walikuwa wapangaji, na wapangaji wote wamesogea, kama ulivyosema kwenye ile barua yako ya hesabu. Nikabaki na nyumba inayopanda thamani kila wiki, nami ni mwenye nyumba asiye na kazi. Matajiri wa namna yangu ni wachache.

Mwanzo wa mwezi nilimwona asubuhi mteja wangu wa siku nyingi, yule mpishi tuliyemwita Mama Kicheko. Alikuwa anatoka kituoni. Nikafurahi, nikadhani amekuja kusukwa. Kumbe anakwenda kwenye ile nyumba aliyoiuza jirani wa kushoto, kupikia watu. Amerudi mtaani kwake, ila kwa mlango wa nyuma.

"Unakaa wapi sasa?" nikamuuliza.

"Kituo cha mwisho. Tena ukishuka hapo bado unatembea mpaka useme nimepotea. Hapo ndipo kwangu."

"Na nywele zako? Nani kakufanyia dhambi hii?"

Akacheka kile kicheko chake, lakini kilikuwa kifupi. "Njoo huko ujionee mwenyewe. Mtaa wote upo."

Nikaenda. Nilipanda treni Jumapili mchana, nikakaa dirishani kama mtalii. Ukitoka kwetu unaona vioo na vibaraza vyenye maua. Kituo baada ya kituo vioo vinapungua, bati linaongezeka. Ukifika mwisho hakuna hata lami, reli imekoma kwenye nyasi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Na hapo, kaka, nikawakuta wote! Jirani wa kulia anauza mboga kwenye ngazi za kituo. Wanawake wangu wote, na vichwa vyao vimekuwa msitu. Walinizunguka kama nimetoka hija. Mmoja akaleta stuli, mwingine akatoa chanuo, wakanikalisha, nami nikamsuka Mama Kicheko pale pale kwenye ukumbi wa kituo, askari wa reli anatutazama asijue kama tunavunja sheria au la. Wakaniambia wanaamka alfajiri, wanapanda treni iliyowafukuza, ili waje kufagia nyumba zilizowafukuza. Wakasimulia wanacheka. Mimi nilicheka nao, nikaja kulia kwenye behewa la kurudi, peke yangu, maana saa ile anayerudi upande wetu ni fundi bomba na mimi tu.

Sasa wewe. Jengo lako lina rangi gani?

Mdogo wako

*

25 Juni

Mdogo wangu,

Msalimu Shangazi. Msalimu Nesi, mwambie uchunguzi wake wa kitabibu umethibitishwa.

Jengo langu lina rangi ya kijivu, na si langu. Halijawahi kuwa langu. Nilipanga. Nilisema nimenunua mwaka ule mama anaumwa, kwa sababu aliniuliza, "Mwanangu, una kwako?" na sikuwa na moyo wa kumjibu vingine. Uongo ule ukanoga, ukakua, ukaota ndevu, mwisho nikashindwa kuutoa nyumbani.

Fleti ile ilikuwa karibu na kituo, kweli. Kisha wakajenga njia ya pili ya treni ikakutana na ile ya kwanza, kituo kikawa na ngazi zinazojiendesha na duka la maua. Mwenye nyumba akaniandikia kwa heshima kubwa, "Mpangaji mpendwa." Ukiona umeitwa mpendwa na mtu asiyekujua, tafuta sanduku. Nikasogea vituo kadhaa. Nako wakafika na maua yao. Nikasogea tena. Hiyo ndiyo anwani mpya, ile isiyo na rangi; kabla yake posta ilikuwa ikinihamishia barua zako kutoka fleti ile, hadi muda wake ukaisha mwezi wa nne. Sasa nakaa chumba kimoja na Mkorofi, fundi mwenzangu, anayekoroma kama mota ya lifti ya zamani. Nilitaka nusu yangu ya nyumba ya baba ninunue shimo lolote huku, dogo, ambalo hakuna mtu angeniandikia "mpendwa."

Nikikumbuka maneno niliyokuandikia Februari, kwamba asiyeweza anasogea na ni hesabu tu, naona haya hata mbele ya Mkorofi, ambaye haoni haya kwa lolote. Mkuki kwa nguruwe. Malizia mwenyewe, naona tayari unatabasamu.

Nikupe moja ya kukufurahisha zaidi. Wiki jana niliitwa kutengeneza lifti. Nikatazama karatasi ya kazi, ni jengo langu la kwanza. Mlinzi ni yule yule niliyekuwa nikimpa sigara. Akaniambia, "Mafundi wanapita nyuma." Nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Naona, lakini mafundi wanapita nyuma." Nikapita nyuma. Nilipomaliza nikaijaribu lifti, akaingia kijana na baiskeli yake, akabonyeza ghorofa yangu. Tukapanda pamoja. Akaniuliza, "Hii lifti huwa inachelewa hivi kila siku?" Mimi nimeisubiri lifti ile miaka mingi, mdogo wangu, naijua kuliko ninavyokujua wewe. Nikamjibu, "Hapana. Leo imebeba watu wawili wa nyumba moja." Hakuelewa. Akashuka, akafungua mlango wangu, nikaona jinsi alivyopanga viti. Amepanga vizuri, mshenzi yule. Vizuri kuliko mimi.

Fanya utakalo na nyumba. Ukitaka kuuza, nitasaini. Ukitaka kubaki, nitasaini vilevile. Mambo ya wanasheria sahau, sina hata nauli ya kwenda kuwaona.

Kaka yako

*

16 Julai

Kaka yangu wa kweli,

Kwanza tuko wazima. Pili, nilitabasamu, sikatai. Halafu nikamsomea Shangazi barua yako, hakutabasamu. Alitoka nje akakaa barazani hadi chai ikapoa, akarudi akasema, "Huyu mtoto alimdanganya mama yake ili afe kwa raha. Uongo wa namna hiyo hauna adhabu, lakini ada unayo, naye keshailipa." Kisha akaniamuru niiteme saluni.

Sikumwelewa. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu wa kahawa jinsi ya kuvuka barabara. "Chumba cha mbele kinatazama kituo," alisema. "Wewe kimekushinda. Wapo wanaokililia. Wape, walipe bei yao ya wazimu. Hiyo bei ya wazimu itulinde sisi wenye akili huku nyuma."

Basi nikabandika tangazo. Unajua nani alikuja wa kwanza, anahema, viatu vimejaa vumbi? Bwana Fursa. Amechoka kufanyia kazi chini ya mwavuli, anataka ofisi karibu na kituo. Nikataja bei. Akashika kifua.

"Dada, hii si bei ya mtaa huu!"

"Ilikuwa si bei," nikamjibu. "Sasa ni fursa."

Akamgeukia Shangazi apate huruma. Shangazi akamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone, na malipo ni mwanzo wa mwezi, asichelewe, maana yeye halali vizuri kwa sababu ya kelele za treni. Kasaini, kaka! Yule aliyekuja kutuhamisha sasa kila mwezi analipa ili vyumba vya nyuma vibaki kwa kodi ya zamani. Nesi alicheka mpaka akashindwa kulala mchana ule.

Mimi nasukia kituo cha mwisho. Nimepata kibanda karibu na yule jirani wa mboga. Asubuhi napanda treni tupu kwenda huko, na treni iliyojaa inapishana nasi ikija huku. Tunapungiana mikono madirishani, mimi na wateja wangu. Jioni wanarudi, nawasuka hadi giza. Vidole vimepona ugonjwa wa kukaa bure.

Ila si yote yaliyonyooka. Fundi Soli ameondoka. Sikumpandishia kodi hata sarafu. Nilimwambia, "Chumba ni chako mpaka kiyama." Akasema, "Chumba ninacho, mama, viatu ndivyo sina." Hawa wageni wetu kiatu kikichoka wanakitupa. Alikuwa anakaa na nyundo yake asubuhi hadi jioni, anagonga msumari kwenye ubao mtupu ili asikike anafanya kazi. Nilikuwa nausikia ule mlio nikadhani mambo ni mazuri. Amehamia kwa binti yake. Nilimsaidia kubeba chuma chake cha kugongea viatu na kopo la gundi hadi kituoni. Kwenye jukwaa alinitazama miguu, akasema ndala zangu zitakatika kabla ya Desemba, nizipeleke kwake, asisikie nimenunua mpya. Treni ikaja akapanda. Nikabaki nimesimama kama mti. Nilidhani nikizuia kodi nimezuia kila kitu.

Kwa hiyo chumba chake kiko wazi. Wanaokitaka ni wengi, wenye bei za kuchekesha. Nimewajibu kina mtu. Hapa kwetu, tangu reli ianze kutandikwa, yanaota maghorofa kila kona, na kila ghorofa lina lifti, na lifti zote zimekwama, maana fundi wanamleta kutoka mbali na akija anakuja na visingizio. Sijui kama unamfahamu fundi yeyote.

Mdogo wako

*

12 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na namsalimu Shangazi kwa magoti yangu mwenyewe, ambayo nayo yameanza kulia.

Barua yako niliisoma kwenye treni, nimesimama, mtu amenikanyaga, sikusikia. Mkorofi aliniona uso akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepewa chumba. Akanipongeza, kisha akauliza kama kina nafasi ya kitanda cha pili. Nimemwambia kuna shangazi. Amebadili mawazo.

Sijui niseme nini kuhusu Fundi Soli. Mimi ndiye niliyetaka atolewe, "kiungwana," na akatoka mwenyewe kabla sijafaulu, na sasa nitalala mahali alipolala yeye. Nikifika, siku ya kwanza kabla hata ya chai, utanionyesha anakokaa. Nina jozi tatu za viatu zenye soli mbovu. Nilizoziona nzima nimeanza kuzitembeza kwa makusudi ili nazo ziharibike.

Nimetoa notisi kazini. Msimamizi aliuliza ninakwenda wapi. Nikasema nyumbani, karibu na kituo. Akasema, "Una bahati, huko lazima ni ghali." Nikasema sana, mwenye nyumba ni mkali, na shangazi yake ni mbaya zaidi.

Kuhusu kodi, sitaki ya bure. Ya bure inanitia woga kuliko "mpangaji mpendwa." Nitalipa alichokuwa akilipa Fundi, siku ile ile aliyokuwa akilipa. Ukinitilia shaka, waulize wenye nyumba wangu waliotangulia. Wamenihamisha mara mbili, na kila mara nilifagia chumba kabla ya kurudisha funguo.

Kaka yako